Shajara ya Meza ya 4: 5600G au 5600 kavu?

Jumamosi

Naandika hii manake mwaka jana nlifungua mashine 2 nkazitengeneza vizuri kabisa, na sai hata ukinipiga sikumbuki nlibadilisha nini kwa bayosi (ile mipangilio ya ndani ya bodi). Mara hii kila kitu kitaandikwa, hata upuuzi: kati ya prosesa 2 za Ryzen, 5600G na 5600, ipi yafaa Meza ya 4 ya saiba yangu.

Kwa asiyejua, saiba yangu iko Langoni, chini kwa nyumba ya bibi. Chumba kirefu chembamba kama vyumba vyote vya zamani hapa Lamu, upana wake ni urefu wa boriti basi, meza 6 zimepangwa upande mmoja na ruta iko kwa kidaka ambacho bibi alikuwa akiweka sahani zake za thamani (hajanisamehe bado). Mchana ni kazi za watu: kuprinti, kupiga chapa, eCitizen (huduma za serikali mtandaoni), mambo ya kodi ya KRA, barua za kuomba kazi. Usiku ni vijana wa gemu. Na Ramadhani ndo hiyo yaja, baada ya tarawehe mpaka karibu na daku meza zote hujaa na wengine husimama nyuma wakitoa ushauri ambao hakuna aliyewaomba.

Sasa Meza ya 4. Ilikuwa na mashine ya mtumba yenye i5-3470, prosesa ya 2012, viini 4 nyuzi 4 (yafanya kazi 4 kwa pamoja). Imenilisha ile, siisemi vibaya. Lakini Windows 10 iliacha kupewa apdeti za kawaida 14 Oktoba 2025, na Windows 11 yataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama), hii yangu ni kizazi cha 3, haimo. Mashine ambayo watu waingizia nywila zao za serikali siwezi kuiacha bila apdeti. Alafu kwa gemu nayo ilikuwa yalia kama mlango.

Kwa hivo nimenunua: bodi ya B550, Ryzen 5 5600G, ram kijiti 1 cha 16GB DDR4-3200, SSD ya 500GB, pawa saplai ya 550W. Kasha ni lile la zamani, nimelipiga brashi. Nlichukua G kwa sababu moja tu, ina grafiksi yake ndani, nachomeka skrini na maisha yanaendelea, kadi ya grafiksi ntanunua Mungu akijalia.

Jumapili

Imewaka mara ya kwanza, alhamdulillahi. Windows 11 ikaingia bila maneno. Chrome, Word, printa, vyote vyafunguka kabla kidole hakijatoka kwa mausi. Nkajiona fundi.

Alafu nkaweka GTA V. 1080p, mipangilio ya kawaida, si ya fujo. Mitaani ikawa yaenda kama fremu 40 na kitu kwa sekunde, ukipanda gari ukaenda mbio yashuka, yashtuka, yasimama kidogo, yaenda tena. Kijana mmoja aliyekuwa akipita akachungulia akasema "hii ndo mpya?" na akaenda zake. Hilo lilinikera kuliko ile stata yenyewe.

Kuangalia kwa bayosi nkakuta ram yatembea 2133. Nlikuwa sijawasha XMP, mpangilio wa bayosi unaoipa ram kasi yake iliyoandikwa! Nimenunua ram ya 3200 alafu nikaiacha itembee kwa miguu. Nkawasha, ikapanda kidogo, ikafika kama 45, lakini bado si kitu cha kumuuzia mtu saa moja.

Jumatano

Mpwa wangu amefika kutoka Mombasa, chuo kimefunga. Kaja na mashine yake nzima, basi mpaka Mokowe, mashua mpaka jeti, alafu hamali na mkokoteni mpaka mlangoni, skrini amebeba mwenyewe imefungwa leso 2 za mamake. Hakulala njiani asema, kila shimo la barabara alikuwa akilishika kasha kwa magoti.

Ndani yake kuna Ryzen 5 5600, ile isiyo na herufi nyuma. Mie naiita 5600 kavu, kama chai kavu. Pamoja nayo kadi ya grafiksi RX 580 ya 8GB ya mtumba na ram vijiti 2 vya 8GB, 3200 pia.

Nkamweleza shida yangu. Hakuuliza prosesa, akauliza "mjomba, ram umeweka vijiti vingapi?" Nkamwambia kimoja, kikubwa, 16 ni 16. Akacheka ile ya adabu, ya kutazama chini.

Hesabu yenyewe ni hii. Grafiksi ya ndani ya G (Vega 7) haina memori yake, yachota kutoka kwa ram ile ile ambayo prosesa nayo yachota. Kijiti 1 cha DDR4-3200 chapitisha GB 25.6 kwa sekunde. Vijiti 2 ni chaneli 2, GB 51.2. RX 580 ina memori yake mwenyewe ya GB 256 kwa sekunde, na haigawani na mtu. Yaani mie nlikuwa nimeweka watu 2 kwa bomba moja jembamba alafu nashangaa mbona ndoo haijai.

Tukachomoa vijiti vyake tukaviweka kwangu. GTA ile ile, mipangilio ile ile, ikapanda ikapita 60 na zile kushtuka nyingi zikaisha. Sijabadilisha prosesa, sijaongeza hata GB 1, 16 ni ile ile 16. Nlikaa kimya dakika nzima.

Jumatano usiku, baada ya chakula

Tumebishana mpaka bibi akagonga dari. Yeye asema kavu ni bora kwa gemu na bei yake ya kutoka ilikuwa chini, dola 199 Aprili 2022, G ilitoka madukani Agosti 2021 kwa dola 259. Mie namwambia bei ya kavu si bei, kwa sababu bila kadi hata huioni Windows, hiyo ni sawa na kununua dau bila tanga ukasema umepata rahisi.

Lakini tukiacha ushabiki, kwenye karatasi zafanana kuliko nlivodhani. Zote za ukoo mmoja, Zen 3, viini 6 nyuzi 12, wati 65, zote zapanda mpaka 4.4 GHz. G yaanzia 3.9 na kavu yaanzia 3.5, kwa hivo mtu akisoma boksi tu ataona G ndo kali. Tofauti iko mahali boksi halipigii kelele: kache ya L3, G ina 16MB, kavu ina 32MB. Kache ni kama rafu iliyo mgongoni mwa mwenye duka na ram ni stoo ya nyuma ya nyumba. Mteja akitaka kibiriti kilicho kwa rafu anapewa hapo hapo, kikiwa stoo asubiri. Gemu ni mteja anayetaka vibiriti mia kwa pamoja, Word ni mteja anayekuja mara moja kununua sukari akaenda.

Tofauti ya pili ni PCIe, zile njia ambazo kadi hupitia kuongea na prosesa, G ni 3.0 na kavu ni 4.0, hata bodi ikiwa B550. Hapa mpwa kaniokoa pesa wallahi. Nlikuwa nimeshaiweka jicho RX 6500 XT, mpya, ndogo, haili umeme sana. Kumbe kadi ile yatumia njia 4 tu za PCIe. Kwa 4.0 njia 4 zapitisha karibu GB 8 kwa sekunde, kwa 3.0 ni nusu yake, na memori yake ni 4GB tu kwa hivo ikijaa yalazimika kupitia hizo njia kwenda kuomba kwa ram. Kuiweka kwa G ni kuinyonga. Kwa kavu yapumua. RX 580 nayo ni ya 3.0 na njia zake ni 16, kwa hivo haijali.

Tukakubaliana kesho tujaribu zote kwa bodi moja, ram moja, SSD moja, tusibishane kwa midomo.

Alhamisi

Leo nimezeeka.

Nlitaka kutoa G niweke kavu. Mashine ilikuwa imezimwa tangu usiku, baridi. Nkafungua skrubu 4 za feni, nkashika hitisinki (kile chuma cha kupoza prosesa) kwa vidole nkavuta juu. Ikagoma. Nkavuta tena. Ikatoka "tap", na nlipoigeuza prosesa imo imeng'ang'ania chini yake kama kupe, na lile wenzo la soketi bado limefungwa. Yaani nimeing'oa kwenye soketi iliyofungwa!

Kwa AM4, soketi ya prosesa hizi, pini ziko kwa prosesa si kwa bodi, 1331, nyembamba kama nywele za paka. Tukaitoa kwenye hitisinki kwa kuisokota taratibu, tukaileta dirishani kwa mwanga. Mpwa akaishika pembeni kwa vidole 2, nkazoomu kwa kamera ya simu. Kwenye kona moja pini 3 zimelala. Mbili zimeinama kama mtu aliye rukuu, ya tatu imelala kabisa yamgusa jirani.

Mie mkono ulikuwa watetemeka, kusema kweli. Mpwa akaenda kwa fundi cherehani wa mlango wa pili akaazima sindano nyembamba na wembe mpya. Fundi mwenyewe akaja nyuma yake kuona sindano yake yaenda kufanyiwa nini. Tukaweka prosesa juu ya kitambaa cha miwani, nkapitisha ubavu wa wembe kati ya mistari ya pini, ule mstari ulionyooka ukawa ndo rula, alafu zile 2 zikasimama zenyewe polepole. Ya tatu nlishindwa, kila nkiigusa naona yataka kuvunjika. Fundi akasema "nipishe", akavua miwani (wengine huvaa, yeye huvua), akaingiza ncha ya sindano chini yake akaiinua kidogo, akaacha, akainua kidogo, akaacha, kama atoa mwiba kwa mguu wa mtoto. Dakika 10 hivi. Ikasimama. Akaomba chai.

Kwa atakayesoma: washa mashine kwanza ifanye kazi dakika chache pesti (ile dawa ya kupitisha joto kati ya prosesa na hitisinki) ipate joto, zima, chomoa umeme, alafu sokota hitisinki kulia kushoto kabla ya kuinua. Usivute. Nlikuwa nalijua hili. Kulijua na kulifanya ni vitu 2.

Baada ya hapo tukaweka kavu na RX 580. Skrini nyeusi. Nusu saa tunakagua ram, tunakagua pawa, nimeanza kufikiria nimeua na soketi. Kumbe kebo ya HDMI nimeichomeka kwa bodi, mazoea ya G. Kavu haina picha ya kutoa hapo, lazima uchomeke kwa kadi. Nimecheka mpaka machozi, sijui ya furaha au ya nini.

Ikawaka ikaleta maandishi meupe yasema prosesa mpya imewekwa, fTPM (ile TPM iliyo ndani ya prosesa) yataka kuanzishwa upya, Y au N. Hapa msibonyeze haraka. Kama diski yako imefungwa kwa BitLocker na huna ufunguo wa akiba, Y yaweza kukufungia nje ya faili zako. Yangu haijafungwa, nlihakikisha kabla, nkabonyeza Y.

Ijumaa, baada ya sala

Vipimo. Sitaandika namba za desimali kwa sababu chumba ni moto, kaskazi imelala, feni ya dari yasukuma joto tu. Kwa mipangilio 3 tofauti: G peke yake, G na RX 580, kavu na RX 580. G iliwaka na pini zake 3 bila neno, namshukuru Mungu na fundi.

GTA V. G peke yake ni ile ya 60 na kidogo kwa mipangilio ya kawaida. Ukiweka RX 580 mambo yabadilika kabisa, unapandisha picha mpaka juu na bado yaenda laini kuliko mwanzo. Lakini sasa angalia, kati ya G na kavu zikiwa na kadi hiyo hiyo na picha iko juu, wastani ni kama sawa. Kadi ndo imefika mwisho, prosesa zote 2 zaisubiri. Mpwa hakufurahi.

Akasema tuweke Valorant, picha chini. Hapo kadi haina kazi kubwa na prosesa ndo yakimbia, na hapo kavu ikamuacha G waziwazi. Si ya kuhitaji darubini. Tena hasa zile fremu za chini, yaani ile asilimia 1 mbovu zaidi, wakati moshi umetupwa na watu wote wako chumba kimoja. Ile kache ya 32MB si hadithi. Ila, na hili nalisema kama mwenye saiba, skrini zangu ni za 60Hz, yaani zaonyesha fremu 60 tu kwa sekunde. G yenyewe bila kadi kwa Valorant ilikuwa juu ya mia bila shida. Kijana mwenye jicho la mwewe atasema ahisi tofauti kwa mausi, sawa, na simkatalii, lakini hizo fremu nyingine zote skrini yangu haina pa kuziweka.

Joto: feni ndogo ya boksi, ile inayokuja na prosesa zote 2, kwa chumba changu yapiga kelele gemu ikikaa saa moja. Nimeona digrii 80 na kitu. Haijazima wala haijapunguza mwendo, lakini nimeagiza feni kubwa zaidi. Na vumbi la hapa lina chumvi ndani, likishika feni halitoki kwa kupuliza, lataka brashi.

Jumamosi

Leo nimefanya jaribio ambalo mpwa alilidharau na ndo nimelipenda kuliko yote.

Maalim amekuja kupiga chapa mtihani wake, kurasa 8 na michoro. Sikumwambia kitu. Nkamkalisha Meza ya 4 ikiwa na kavu na RX 580, akafanya nusu. Nkamletea kahawa nje barazani, tukabadilisha kwa haraka (mara hii kwa kusokota!), akarudi akakuta G peke yake bila kadi, akamaliza. Chrome kafungua vichupo kama 20, PDF, printa, kila kitu.

Nkamuuliza, Maalim, kuna tofauti umeiona? Akafikiria kwa makini, ni mtu wa makini. Akasema "ndiyo, hii ya pili haivumi."

Basi. Kasi hakuiona kwa sababu haipo ya kuonekana, kwa Word na Chrome zile prosesa 2 ni mtu na pacha wake, na kilichozifanya zote ziruke ukilinganisha na ile ya 2012 ni SSD na ram kama vile ni prosesa. Alichosikia ni feni za RX 580 ya watu. Mpwa akajaribu kusema kwamba hilo si kosa la prosesa, na ni kweli, lakini kavu haiwezi kuja bila kadi, kwa hivo mgeni wake na kelele zake ni zake.

Jumatatu

Stima imepotea saa 3 usiku, kwa bahati tulikuwa na zote mezani.

UPS yangu (ile betri ya akiba) ni 650VA, betri si changa. RX 580 peke yake imeandikiwa wati 185. Tulikuwa katikati ya GTA na kavu, umeme ulipokatika UPS ikalia mara 1 ikafa, skrini giza, mtu mmoja akapiga kelele kama kaumwa. Umeme ukarudi, tukaweka G bila kadi, gemu ile ile, nkachomoa UPS ukutani mwenyewe kwa makusudi. Ikakaa. Ikalia, ikalia, dakika kadhaa, tukasevu tukazima kwa heshima. Mtu aliye katikati ya kujaza fomu ya eCitizen wakati huo hatapoteza alichoandika.

Na tokeni za stima. Mchana kutwa Meza ya 4 iko wazi lakini haifanyi kitu kikubwa, mtu asoma, mtu aangalia simu, mtu ameenda kutafuta kitambulisho nyumbani. G ni kipande kimoja cha silikoni, kavu imegawanywa, viini viko kipande chao na mambo ya kuingia na kutoka yako kipande kingine, na ikiwa imekaa tu yala zaidi kidogo ya G hata kabla hujahesabu kadi. Kidogo mara saa 14 mara siku 30, na mwenye kununua tokeni ni mie.

Kwa hivo G yabaki Meza ya 4. Nlimwambia mpwa kama mashine ingekuwa yangu ya chumbani, ya gemu tu, skrini ya 144Hz, ningechukua kavu bila kufikiria, tena na kadi ya 4.0. Akasema "mjomba, hilo ndo nlilosema tangu Jumatano." Sikumjibu.

Ya kufanya: kuuza kijiti cha 16GB au kukibadilisha na vijiti 2 vya 8GB vinavyofanana. Bayosi: XMP imewashwa, memori ya grafiksi nimeiwekea 2GB. Pesti mpya. Kumrudishia fundi sindano yake, ingawa amesema hataki tena kuishonea nguo.

Ramadhani, usiku wa 3

Vijiti 2 vimefika jana kwa mashua ya asubuhi. Meza ya 4 imejaa tangu tarawehe imalizike, GTA, 60, wanangojeana zamu. Yule kijana wa "hii ndo mpya?" yuko kwenye foleni, wa nne. Mpwa amerudi Mombasa, kavu yake na RX 580 vimefungwa leso zile zile. Feni kubwa bado haijafika.